Kabali ya Ukosi Kutoka Juu ya Kifua: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Jiujitsu

Katika ukumbi mdogo tunaofanyia mazoezi hapa Moshi, mwanafunzi mpya hufundishwa kabali ya ukosi ndani ya mwezi wake wa kwanza, na mara nyingi huwa ameiacha kabla mwezi wa tatu haujaisha. Huiacha kwa sababu ilimkubali kwa wageni wenzake, lakini ikamkatalia kwa mwenye mkanda wa buluu, yaani aliyepanda ngazi moja juu ya mkanda mweupe wa wanaoanza, ambaye hulala chini yake akiwa ametulia, kidevu kimeshuka kifuani, huku yeye aliye juu akikamua ukosi hadi vidole vinakufa ganzi. Hapo huamua kwamba mbinu hii ni ya wanaoanza, akaenda kutafuta nyingine. Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo. Ninachotaka kumwonyesha ni kwamba kabali yake haikushindwa wakati wa kukamua. Ilishindwa mapema zaidi, pale mkono wa kwanza ulipoingia nusu na yeye akaridhika.

Anayedhani kwamba mbinu hii ina mwisho wake kwenye mkanda mweupe na amtazame Roger Gracie, bingwa wa dunia mara 10 katika mkanda mweusi, ambaye alijulikana kwa kabali hii hii, kutoka katika mkao huu huu, dhidi ya watu waliojua fika kinachokuja na bado wakashindwa kukizuia.

Kinachobanwa ni nini

Kwetu neno kabali lina sifa mbaya. Mtu akilisikia hukumbuka vibaka wanaovizia kwenye kichochoro usiku na kile kinachoitwa roba ya mbao, ambapo mkono wa mtu aliye nyuma yako unaponda koo moja kwa moja. Roba ya namna hiyo hubana njia ya hewa, huuma sana, na inaweza kuumiza gegedu za koo zisirudi katika hali yake. Kabali ya ukosi ni jambo jingine. Ikipigwa sawasawa, njia ya hewa huachwa wazi na kinachobanwa ni mishipa miwili mikubwa inayopeleka damu kichwani, mmoja kila upande wa shingo.

Kabla hujaendelea kusoma, itafute mishipa hiyo kwenye shingo yako mwenyewe. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo, kisha vitelezeshe pembeni hadi vizame kwenye kibonde kati ya koo na ule msuli mnene unaopanda kuelekea nyuma ya sikio. Bonyeza taratibu, upande mmoja tu, mpaka usikie mapigo. Hapo ndipo mfupa wa mkono wako unapotakiwa kukaa kwenye shingo ya mwenzako. Haukai mbele ya koo, wala nyuma ya ule msuli. Mwanafunzi anayepajua mahali hapa kwa vidole vyake huelewa nusu ya yote nitakayoyasema.

Kabali iliyokaa mahali pake humpotezea mtu fahamu ndani ya takriban sekunde 10, wakati mwingine pungufu ya hapo. Kutokana na hilo nimejiwekea kanuni ambayo ningependa kila mwanafunzi aishike: ukikamua kwa sekunde 10 na mwenzako bado anakutazama kwa utulivu, acha kuongeza nguvu. Kuna kitu hakijakaa vizuri, na nguvu haitakiweka sawa.

Mbinu yenyewe ilitoka Japani. Katika judo, ambayo Jigoro Kano aliianzishia shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, kabali hizi huitwa juji-jime, na neno juji ni alama ya namba kumi kwa maandishi ya Kijapani, ambayo imechorwa kama msalaba. Jina hilo linaeleza umbo la mikono yako: hupishana kama msalaba, mkono wa kulia ukishika ukosi wa kulia wa mwenzako, na wa kushoto ukishika wa kushoto. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, alifika Brazili mwaka 1914, na kupitia kwake elimu hii ikawafikia ndugu wa familia ya Gracie, ambao waliipa umbo tunalolifuata sisi leo.

Gi na ukosi wake

Kwa kuwa silaha ni ukosi, ubora wa gi, yaani vazi la mazoezi, una maana. Wengi wetu hapa Moshi tulianza na gi za mitumba tulizozichambua pale soko la Memorial, na hakuna ubaya wowote katika hilo, ila inafaa kujua unachokinunua. Gi ya karate ni nyepesi na ukosi wake ni laini. Itachanika kwenye mshono wa bega ndani ya wiki chache, na ukiushika ukosi hujikunja kama kanga. Gi ya judo ni nzito, imefumwa kwa nyuzi nene, na ukosi wake una uti mgumu ndani yake. Ukikuta gi ya judo kwenye lundo, ichukue hata kama mikono yake ni mirefu kidogo, maana mikono hupunguzwa na fundi.

Kata kucha, za mikono na za miguu. Mkono unaopita kando ya shingo ya mtu ukiwa na kucha ndefu humwachia mikwaruzo, na mwenzako aliyekwaruzwa leo atakuwa mgumu kukupa shingo yake kesho.

Kumkalia kabla ya kumkaba

Maunti ni mkao ambao umemkalia mwenzako juu ya tumbo au kifua naye amelala chali, magoti yako yakiwa kila upande wa kiwiliwili chake. Katika mashindano mkao huu una pointi 4, ukiushikilia kwa sekunde 3. Wengi wakishazipata pointi hizo huingiwa na pupa, mkono unakimbilia shingoni, na sekunde chache baadaye wao ndio wamelala chali.

Aliye chini ana njia mbili kubwa za kutoka. Ya kwanza ni kunasa mkono wako na mguu wako wa upande mmoja, kisha kuinua kiuno kwa nguvu na kukupindua upande huo. Ya pili ni kugeuka ubavu, kuingiza kiwiko chake kati ya goti lako na mwili wake, na kuuchomoa mguu. Kazi yako ya kwanza ni kuzifunga njia hizi zote mbili kabla ya kuuwaza ukosi.

Anza chini. Lalia mwenzako, kiuno chako kizame juu ya tumbo lake, nyayo zako zijifiche chini ya mapaja yake au zikutane chini ya makalio yake. Tulia hapo na uvumilie anaposukuma mara mbili tatu. Kila akichoka kidogo, panda kidogo: goti la kulia sentimita chache, kisha la kushoto. Unachokitafuta ni kufikisha magoti karibu na makwapa yake, kwa sababu viwiko vyake vikishafunguka na kuwa juu ya mapaja yako, hana tena mtaimbo wa kukusukumia. Usimkalie kama aliyekaa kwenye kigoda, uzito wote ukiwa kwenye magoti yako. Uzito uwe kwake. Mwenzako akivuta pumzi asikie kwamba anakuinua wewe.

Nasisitiza kupanda kwa sababu nyingine pia: ukiwa chini tumboni, mkono wako unaufikia ukosi kwa kunyooka, na mkono ulionyooka hauna nguvu ya kukaba, tena huwa zawadi kwa anayetaka kuunasa. Ukiwa juu kifuani, kiwiko chako kinabaki kimekunjwa na kinapumzika juu ya mfupa wa kifua chake.

Mkono wa kwanza

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo kabali inapopatikana au kupotea. Nitaeleza kwa anayeanza na mkono wa kulia; anayetumia wa kushoto ageuze tu.

Mkono wako wa kushoto ndio unaoanza. Shika ukosi wa kulia wa mwenzako, ambao kwako uko upande wa kushoto, kwenye usawa wa chuchu, uufungue kwa kuuvuta nje na chini, ili ubanduke kutoka shingoni na kuacha uwazi. Wanaoruka hatua hii hulazimika kuchimba na vidole kwenye ukosi uliobana, na kila wanapochimba mwenzao anapata nafasi ya kuzuia.

Sasa geuza kiganja cha kulia kitazame juu, kama anayepokea kitu, na uingize vidole vinne ndani ya ukosi, gumba likibaki nje. Usishike bado. Kosa kubwa ni kufunga ngumi mara tu vidole vinapogusa kitambaa, kwa kuwa mkono uliofunga ngumi hautelezi. Acha vidole vikiwa vimenyooka, na uvitelezeshe juu kando ya shingo, kupita mtulinga, kupita pembe ya taya, kuelekea kisogoni, huku mkono wa kushoto ukiendelea kuvuta ukosi chini ili kitambaa kipite ndani ya kiganja chako. Mikono miwili inafanya kazi moja: mmoja unapanda, mwingine unashusha kitambaa.

Mwalimu wangu hueleza kwa mfano wa nyumba. Siku moja alisimama karibu yangu nikiwa nimeukamata ukosi wa mwenzangu kwenye usawa wa mtulinga na ninahangaika. Akaniambia, "Mwanangu, umesimama mlangoni unapiga hodi. Ingia ndani, mpaka chumba cha mwisho." Kisha akapiga magoti, akanishika kifundo cha mkono, akausukuma mkono wangu kwa kiasi cha upana wa vidole vitatu, hadi vifundo vya vidole vyangu vikagusa mkeka nyuma ya shingo ya mwenzangu. Mwenzangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akipumua polepole kama aliyelala, alipeleka mikono yote miwili shingoni kwa haraka. Hakuwa amebanwa bado, lakini alikwisha kujua.

Kipimo ni hicho. Vifundo vya vidole viguse mkeka, au vikaribie kuugusa, na kidole gumba kiwe nyuma ya sikio lake au mbele yake kidogo. Ukiona gumba lako liko chini ya taya, bado uko mlangoni. Ukishafika, ndipo ufunge vidole, ukianza na kidole kidogo, na ugeuze kifundo cha mkono kidogo ili mfupa wa upande wa gumba ukae kwenye kile kibonde ulichokitafuta kwenye shingo yako mwenyewe.

Kiwiko cha kulia sasa kitulie katikati ya kifua chake. Kikining'inia hewani, atakisukuma pembeni na mkono wote utatoka.

Mara tu mkono wa kwanza unapoingia, una jambo moja la kuogopa. Mkono huo hauwezi tena kuegemea mkeka, na yeye anajua. Atauvuta kifuani kwake na kuinua kiuno akupindue upande wako wa kulia. Kwa hiyo, kabla hajawaza hivyo, weka kiganja cha kushoto kwenye mkeka juu ya kichwa chake, tanua goti la kulia kidogo, na uinamishe paji la uso hadi karibu na mkeka upande ule ule wa kulia. Kichwa chako kimekuwa mguu wa ziada wa meza. Akiinua kiuno, mwache ainue, wewe shuka naye. Mtu aliye chini ana nguvu ya kuinua mara chache tu, na kila mara anayoshindwa, mkono wako unaweza kuzama zaidi kwa upana wa kidole.

Usiwe na haraka ya kuleta mkono wa pili. Mkono wa kwanza ulioingia hadi mwisho unaweza kukaa hapo dakika nzima, na dakika hiyo ni nzito kwake kuliko kwako. Nimeona watu wakitoka jasho la hofu kwa sababu ya mkono mmoja tu uliotulia.

Mkono wa pili

Kuna njia mbili, na zote ni sahihi.

Katika njia ya kwanza, mkono wa kushoto nao huingia kiganja kikitazama juu, vidole vinne ndani ya ukosi wake wa kushoto, ukipita chini ya mkono wa kulia. Kabali inayotokana na njia hii ina nguvu sana, kwa sababu pande zote mbili mfupa wa upande wa gumba unalala kwenye mshipa, lakini kuingiza mkono chini ya mwingine huku mwenzako ameshaamka ni kazi ngumu. Mwenye mikono minene hupata tabu zaidi.

Mimi humfundisha anayeanza njia ya pili. Mkono wa kushoto unapita juu ya mkono wa kulia, kiganja kikitazama chini, na ni gumba pekee linaloingia ndani, kwenye ukosi wa kushoto wa mwenzako au hata kwenye kitambaa cha begani karibu na shingo, huku vidole vinne vikishika kwa nje. Mkono huu hauhitaji kufika kisogoni kama ule wa kwanza. Sikio ndilo alama yake: ukishika chini ya sikio, panatosha. Upande huu kinachobana ni ubapa wa mkono, yaani upande wa kidole kidogo.

Mikono yake itakuwa imekuja kuzuia, na mara nyingi atakishika kiwiko chako cha kushoto kikiwa njiani. Usishindane naye kwa kusukuma. Rudisha mkono kwenye mkeka, subiri, ujifanye unapanda zaidi, na atakapoachia kulinda mbavu, upitishe. Wengine huupitisha kwa kusingizia kwamba wanaweka mkono mkekani karibu na sikio lake; kiganja kinashuka kama kinachotafuta egemeo, na gumba linaingia njiani. Hii ndiyo ninayoipenda mimi, kwa sababu haimwamshi.

Kumaliza

Mikono ikiwa mahali pake, asilimia kubwa ya wanafunzi hufanya kinyume cha inavyotakiwa: huketi wima na kuvuta ukosi kuelekea vifuani mwao kwa nguvu ya mikono. Kwa kufanya hivyo huinua kichwa cha mwenzao kutoka mkekani, hulegeza ukosi nyuma ya shingo, na huondoa uzito wao wote kwenye mwili wake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ndiko kunakokaba.

Fanya mambo haya kwa pamoja, polepole, kama unayekunja nguo mbichi. Geuza vifundo vya mikono ili mifupa izame kwenye pande za shingo. Kiwiko cha kulia kivute karibu na mbavu zako, na kiwiko cha kushoto kiache kishuke kuelekea mkekani kando ya kichwa chake. Kisha leta kifua chako chini, juu ya mikono yako mwenyewe, na paji la uso liguse mkeka mbele ya kichwa chake. Mikono yako imekuwa kamba tu, na kinachoikaza kamba ni uzito wa kifua chako. Mwisho, vuta pumzi ndefu ujaze kifua. Pumzi hiyo moja hufunga nafasi ndogo iliyosalia, na mara nyingi ndipo anapogonga, yaani anapotoa ishara kwamba ameshindwa.

Akisukuma mkeka kwa miguu kutafuta nguvu ya kukupindua, usiinuke kumtazama. Anayeinuka kutazama kama kabali imekubali huwa ndiye anayeilegeza.

Kama analalamika maumivu ya koo la mbele, mikono yako iko mbele mno. Legeza, rudisha mkono wa kwanza ndani zaidi, uanze upya. Kwa mazoezi, kabali ya kuponda koo haina faida kwa yeyote, hata kama amegonga.

Usalama, ambao usomwe kabla ya kujaribu

Miaka kadhaa iliyopita nilimkaba mwenzangu nikiwa nimepanda juu sana, magoti yangu yakiwa makwapani mwake, paji la uso likiwa mkekani kama nilivyoeleza. Sikuona uso wake. Mkono wake mmoja ulikuwa umebanwa chini ya goti langu na mwingine ulikuwa umenaswa kati ya vifua vyetu. Alijaribu kugonga akashindwa, na mimi nikaendelea kukamua nikidhani ni mvumilivu. Nilijua tu kuna kitu pale mwili wake ulipolegea wote kwa mara moja chini yangu, kama gunia lililokatwa kamba. Alizinduka baada ya sekunde chache, hakuumia, na aliniambia kwa upole, "Kaka, sikuwa na mkono wa kugongea." Sijaisahau sentensi hiyo.

Tangu hapo, kabla ya kila zoezi la kabali, tunakubaliana kwa kinywa kwamba kugonga kuna njia tatu: mkono mwilini mwa mwenzako au mkekani, mguu mkekani, na sauti. Sauti yoyote ni kugonga, hata mgumio. Aliye juu ana wajibu wa kusikiliza, na kama hawezi kuona uso, ahesabu kimoyomoyo na asipitishe sekunde chache bila kuhakikisha kwamba mwenzake bado ana nguvu mwilini.

Mtu akipoteza fahamu, achia papo hapo. Mlaze chali kwa utulivu, fungua ukosi, hakikisha anapumua, na kama anataka kutapika mgeuze ubavu. Usimmwagie maji usoni, usimpige makofi, na usimkalishe kwa haraka. Kwa kawaida huzinduka ndani ya sekunde kadhaa akiwa hajui kilichotokea. Mweleze taratibu, na siku hiyo asirudi tena kwenye mapambano. Asipozinduka haraka, au akizinduka na kuongea kwa kuyumba, kuona vibaya, au kuumwa shingo sana, mpelekeni hospitali bila kungoja.

Mwenye presha, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye matatizo ya moyo asikubali kukabwa kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na yeyote anayefundishwa hapa kwetu huambiwa waziwazi kwamba mbinu hii haimo katika michezo ya nyumbani na wadogo zake.

Akijitetea

Mwenzako anayejua kazi hatakuachia shingo. Ukweli ni kwamba kujitetea kwake ndiko kunakofungua milango mingine, na mkono wa kwanza uliokaa vizuri ndio ufunguo wa milango yote hiyo.

Akishusha kidevu na kukificha, usikichimbue kwa ngumi. Kidevu hulinda koo la mbele, nawe hulitaki koo la mbele. Mifupa yako inapita pembeni chini ya masikio. Ikiwa kidevu kimekalia kifundo chako cha mkono, geuza paji lako la uso lisukume shavu lake kidogo upande mmoja, na upande wa pili utafunguka.

Akishika mkono wako wa kwanza kwa mikono yake yote miwili ili auchomoe, viwiko vyake vitakuwa vimetoka mbavuni. Hapo panda goti moja hadi kando ya sikio lake, na mkono wake ulio juu uko tayari kuvunjiwa kiwiko kwa mbinu ya kulalia mkono, yaani kuunyoosha na kuukaza kinyume cha kiungo mpaka agonge. Akihofu hilo na kurudisha viwiko chini, shingo imebaki tupu. Huku kumweka mtu kati ya shari mbili ndiko kunakoifanya maunti iogopwe.

Akigeuka ubavu, usimlazimishe arudi chali. Mfuate, goti moja likiwa nyuma ya mgongo wake na unyayo wa mguu mwingine ukiwa mbele ya tumbo lake, na ule mkono wa kwanza uubakize palepale. Akiendelea kugeuka mpaka akupe mgongo, amekupa mkao ulio bora zaidi kwa kukaba kwa ukosi kuliko huu wenyewe, lakini huo unahitaji mwongozo wake.

Namna ya kuizoeza

Mkono wa kwanza unaweza kuzoezwa nyumbani bila mtu. Keti sakafuni, kunja goti moja, na ulivishe gi kama unavyomvisha mtu, goti likiwa shingo na ukosi ukiwa umezunguka juu yake. Rudia kufungua kwa mkono wa kushoto na kutelezesha wa kulia, vidole vikiwa vimenyooka hadi mwisho ndipo vifunge. Fanya hivyo mara 20 kila jioni, upande wa kulia na wa kushoto. Katika baridi ya Juni na Julai, vidole vinapokuwa vizito asubuhi, hili ni zoezi zuri la kuvipasha moto kabla ya kuingia mkekani.

Ukumbini, gawanya kazi. Wiki ya kwanza shindaneni kwa mkono wa kwanza peke yake: aliye juu anashinda vifundo vyake vikigusa mkeka, aliye chini anashinda akitoka kwenye maunti, na hakuna anayekaba. Wiki ya pili anza mkono wa kwanza ukiwa tayari ndani, na mshindanie wa pili. Wiki ya tatu anzeni mikono yote ikiwa mahali pake, na aliye juu amalize kwa kifua tu, akiwa amekatazwa kuvuta kwa mikono. Ndipo atakapojua uzito wake unafanya nini. Wiki ya nne unganisheni yote, kwanza kwa nguvu ndogo, kisha kamili, mkibadilishana kila baada ya dakika 3.

Badilisha wenzako pia. Mnene ana shingo fupi na ukosi wake haufunguki kirahisi; mwembamba mrefu ana nafasi nyingi ya kuzungushia ukosi lakini kiuno chake huinuka kama upinde. Ukikutana na mgeni kutoka ukumbi wa Arusha au Dar es Salaam, mwombe akuache uanzie juu kwa raundi moja, nawe uanze kwa kupanda magoti, ukimwacha asukume kwanza.